Ubao wa Misumari Kumi na Miwili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo namkumbuka Mama Ubao, msimamizi wa magari wa kampuni yetu ya zamani, tuliyemzika Jumatano. Nilikuwa dereva wake wa lori miaka kumi na tisa, kabla sijastaafu na kuja kuwasumbua hapa redioni. Yote nitakayosema ni kweli, isipokuwa pale mtakapocheka sana. Hapo nitakuwa nimeongeza chumvi kidogo.

Jina alilipata ukutani. Ofisini kwake palikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili, na kila msumari ulishika ufunguo wa lori moja. Wangu ulikuwa wa saba. Hakuna lori lililotoka bila mkono wake kupita pale.

Enzi hizo tulipeleka unga mwendo wa saa nane, tukapakia sabuni, tukageuza papo hapo. Saa kumi na sita usukanini! Mimi nilifika mahali nikawa naota macho wazi, nazipigia honi ndoto zinipishe. Nyumbani nilionekana Jumapili tu. Kitinda mimba wangu akamwuliza mama yake, "Huyu mgeni anaondoka lini?"

Ndipo kanuni zikabadilika. Dereva asizidishe saa nane kwa siku. Narudia: saa nane, basi. Tajiri, mwenye magari, akashika kichwa.

"Mama, malori yakilala huko, mizigo itachelewa na wateja watanihama. Tafuta njia ya kuikwepa hiyo kanuni."

"Kuikwepa siwezi," akasema Mama Ubao. "Kuifuata naweza. Nipe wiki hii."

"Mpaka Jumamosi. Ikishindikana, unanikabidhi ubao wako na tunarudi kama zamani."

Mpango wake ulikuwa huu. Dereva wa huku atoke na unga. Dereva wa kule atoke na sabuni. Wakutane katikati, kwenye kituo cha mafuta, baada ya saa nne. Wabadilishane malori, kila mmoja ageuke arudi alikotoka. Mzigo unafika, saa ni nane tu, na dereva analala kwake.

Alhamisi nikawa wa kwanza kuujaribu. Nikakutana na mwenzangu wa kule, tukabadilishana funguo, tukaagana vizuri kabisa. Halafu kila mmoja akakanyaga mafuta kuelekea kulekule alikozoea. Mbele! Miaka yote hiyo, nani kati yetu aliwahi kugeukia njiani? Niliingia kiwanda cha sabuni nikiimba. Mlinzi akalizunguka lori mara mbili.

"Mzee, sabuni hii si imetoka hapa asubuhi? Imesahau nini?"

Na unga, saa hiyohiyo, ulikuwa umerudi kinuni kwake kusalimia.

Tajiri alifoka mpaka misumari ya ubao ikalegea. Mimi nilijua nitatajwa, na kibarua kimeota nyasi. Mama Ubao hakunitaja.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipanga magari, sikupanga madereva. Lakini Jumamosi bado."

Jumamosi alfajiri nikanyoosha mkono nipewe ufunguo wa lori. Naye akanyoosha wake.

"Lete wa nyumbani kwako."

"Wa nini tena, mama?"

"Ufunguo utakaa hapa, namba saba. Ukitaka kulala kwako, njoo uuchukue."

"Mke wangu yupo, atanifungulia."

"Nimeshaongea naye. Hafungui."

Karani wa kule naye alimfanyia mwenzangu vivyo hivyo. Pale kituoni mguu wangu ulitaka mbele. Nikapapasa mfuko. Mtupu. Nikageuza.

Saa nane mchana niliingia yadini. Mama Ubao alikuwa amesimama getini, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Tajiri akaitazama sabuni, akatazama saa yake, akaingia ndani. Ubao ukabaki na mwenyewe. Nami nikachukua ufunguo wangu nikaenda nyumbani jua likiwaka. Yule mtoto akanikodolea macho mlangoni.

"Baba, umefukuzwa kazi?"

Mmesikia? Baba. Si mgeni tena.

Siku niliyostaafu niliutundika ufunguo ule wa nyumbani pale namba saba, kwa masihara tu, maana kitasa nilikuwa nimeshabadilisha. Mama Ubao alipostaafu naye, aliubeba ubao wake mpaka kwake. Binti yake amenisimulia:

"Alipozidiwa alitaka ubao uwe mbele ya kitanda. Siku moja akaniuliza, 'Wa saba karudi?' Nikamwambia, yule si alistaafu zamani, mama. Akanikemea: 'Sijauliza kazi. Nimeuliza kama kafika kwake.'"

Kwa binti, kwa wajukuu, na kwa madereva wenzangu wa ule ubao, poleni sana. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa usukanini, leo jiulizeni ni nani anayewahesabu mpaka mfike.

Binti alitaka nichukue ufunguo wangu. Nimemwambia auache palepale ubaoni. Nilichobaki nacho ni jibu nililochelewa kulitoa, naomba nilitoe hapa hewani.

Mama, wa saba amefika.