Pazia Jeusi la Profesa Dalenda

Tarehe 31 Julai Profesa Dalenda Ayadi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu hapa Sfax. Katika mji ambao jua halijui likizo, muda wote huo amefanya kazi nyuma ya pazia jeusi, na ngozi yake iliyopauka inashuhudia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaumiza bakteria. Aliwamulika kwa mionzi ya urujuanimno, kisha akataka kujua wameumia wapi. Wenzake wa fani walikuwa na jibu tayari: mionzi inaharibu uzi wa DNA, basi. Dalenda akashikilia kwamba juu ya uzi huo hukaa protini, zikiufunga na kuufungua kama bawabu na mlango wake, na kwamba bawabu naye huumia. Mkono wake hulegea, mlango ukabaki wazi. Kwa maneno hayo alichekwa kwa adabu katika mikutano mingi. Alirudi kila mara na tende, akatugawia, akaendelea.

Sheria yake ilikuwa moja. Mwanga wa kawaida humsaidia bakteria kushona DNA yake, kwa hiyo ukishamulika, pazia halifunguliwi. Tulipapasa chini ya taa nyekundu hafifu. Mwenzetu Lassaad aliwahi kutia harissa, pilipili yetu ya kusaga, kwenye kahawa akidhani ni sukari, akainywa yote ili asionekane mzembe. Hatukuwa tukila wala kunywa maabarani, hilo lieleweke.

Kisha ukaja mwaka ambao kamati ilitoka Tunis kuamua kama chumba chetu kiendelee au kigeuzwe stoo ya viti. Dalenda alimulika bakteria kwenye chupa, akaifunika kwa kitambaa, akatoka kuwapokea wageni. Alichelewa huko, kwa kuwa wageni wa Tunis hawapokelewi kwa haraka. Mkuu wetu, Hedi Kammoun, aliingia, akaona chumba kimenuna, akafungua pazia na kuondoa kitambaa. Jua likaingia saa nzima. Kabla Dalenda na wageni hawajafika akarudisha kila kitu mahali pake, maana ni mtu nadhifu.

Dalenda hakujua. Nusu ya bakteria aliwapanda kwenye visahani, nusu akawapasua papo hapo na kutoa protini yao, akaihifadhi kwenye friji. Asubuhi visahani vilivyotakiwa kuwa vitupu vilikuwa vimejaa.

Mwenyekiti wa kamati, Bi Mongia, aliinama akavitazama. "Mama Dalenda, hawa marehemu wako mbona wamenenepa?"

Hedi alitazama viatu vyake, kisha akasema alifungua kidogo tu, kwani chumba kilikuwa kama cha msiba. Sisi tulianza kuhesabu viti moyoni.

Dalenda hakumgombeza. Aliomba asubuhi ile moja, akatoa protini kwenye friji na kuichanganya na DNA nzima. Protini yenye afya huishika DNA na kuichelewesha inaposukumwa kwa umeme ndani ya jeli. Hii iliiacha ipite bila hata kuisalimia.

"Walioamka wameshonwa DNA," alisema. "DNA ina fundi wake, na fundi huyo hufanya kazi mwangani. Bawabu hakumpata fundi. Kwa hiyo majeraha ni mawili, na jua limetibu moja tu." Akamgeukia Hedi. "Miaka yote hii sikuthubutu kulifungua pazia."

Chumba kilibaki chetu. Viti vimewekwa kwenye korido hadi leo, na tunavigonga kwa magoti tukipita. Hedi siku hizi husimulia kwamba alikusudia, na Dalenda hajawahi kumkanusha. Sisi tulioogopa siku ile tunasema wazi: Dalenda alituokoa, na tunampenda.

Sasa anakwenda kwenye mizeituni ya mumewe, Naceur, ambako hakuna cha kufunika. Wiki iliyopita alituita, akatukabidhi kamba ya pazia. Tulisubiri nasaha ndefu, wengine tukiwa tumeandaa leso.

"Lifungeni kama kawaida," alisema. "Ila mara mojamoja, mkosee."

Ahsante, Profesa, kwa giza lote lile. Tunakutakia jua jingi, na kofia pana.