Kocha Reinhold Dietsch na Fainali ya 1927

Kocha Reinhold Dietsch anastaafu Ijumaa hii, tarehe 3 Juni 1955. Alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka saba, akafundisha hapa shuleni ishirini na minane.

Alianza na timu ya kiwanda cha viti hapa Sheboygan. Mchana anapiga msasa miguu ya viti, Jumamosi anacheza kwenye ukumbi wa dansi, sakafu imepakwa nta, uwanja umezungushiwa waya. Alianguka sana, na kila mara aliinuka anacheka. Mipira ya adhabu aliitupa kwa mikono miwili kutoka chini, na ilikuwa nadra akose.

Hapa ametuletea ubingwa wa jimbo mara mbili. Bado kila msimu yupo mtu wa kumpigia kelele: "Dietsch, kikapu kiko juu!" Wanamcheka kwa fainali ya 1927, sisi wa timu ya kiwanda tulipofungwa na timu ya mji wa Oshkosh kwa pointi moja.

Mimi Walter Kessel, msaidizi wake, ndiye niliyechezewa rafu dakika ya mwisho. Adhabu moja ingetusawazisha. Sheria ilisema aliyechezewa rafu atupe mwenyewe, isipokuwa ameumia. Sikuumia. Niliogopa. Nikashika goti, nikatoka nachechemea. Reinhold akatupa badala yangu, akakosa. Kiwanda hakikumwita tena. Mimi nikanyamaza miaka yote hii, na kila Jumapili nakula mezani kwake.

Wiki iliyopita nilimwambia ukweli, akiwa anakunja jezi. Hata hakuniangalia.

"Walt, ulishika goti la kulia, ukachechemea mguu wa kushoto."

"Kumbe ulijua? Mbona ulikubali?"

"Nilitaka kutupa mimi. Nilijiona sikosi. Lete hizo soksi, na huo upuuzi usiuandike kwenye programu ya sherehe ya Ijumaa."

Nimeuandika. Katika miaka yetu yote, hii ndiyo mara ya kwanza namkatalia. Ijumaa mkija kumpa mkono, mwenye hamu ya kucheka anicheke mimi, nitakuwa mlangoni.

Kocha, asante kwa vijana wetu, na asante kwa zile Jumapili. Wewe na mkeo Hilda mkae salama, afya iwe nzuri, na samaki wa ziwani wasiichoke ndoano yako.