Bi. Tusekile, Miaka Thelathini na Sita Kichwani pa Mgonjwa

Na Rukaya Abdul, muuguzi wa thieta

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Tusekile Mwandemele anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita. Alikuja Aprili 1989 akiwa muuguzi kijana. Anaondoka akiwa mtaalamu wa usingizi ambaye nusu ya Rungwe imewahi kulala mbele yake.

Madirisha ya thieta yetu yanatazama mashamba ya chai. Asubuhi nyingi ukungu hushuka hadi kwenye vioo, mashamba yakapotea, tukabaki sisi na mlio wa mashine. Katika weupe ule Bi. Tusekile alimwinamia mgonjwa na kumuuliza taratibu angependa kwenda wapi. Wengi walichagua migombani kwao. Uwesu, mwenye duka pale Bulyaga, alichagua dukani. Alipozinduka alikuwa akimpimia Bi. Tusekile sukari hewani, huku akimsihi asiondoke bila mfuko.

Mwaka 1998 mama mmoja wa Mpuguso aliteleza shambani akavunjika paja. Siku ya kwanza alicheka na wenzake wodini. Siku ya pili akaanza kuhema na kusema maneno yasiyoeleweka, na kabla ya jioni akafariki. Hakuna kati yetu aliyejua kwa nini. Binti yake, Atupele, ndiye aliyekuwa amemnywesha uji asubuhi ile.

Miaka minne baadaye, akiwa masomoni, Bi. Tusekile alipata jibu. Mfupa mkubwa ukivunjika au ukichokonolewa, mafuta ya uboho wake yanaweza kuingia kwenye damu, yakasafiri hadi mapafuni na hata kwenye ubongo. Aliporudi, kabla hajafungua begi, alikwenda Mpuguso. Atupele alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si uji wangu?" akauliza.

"Si uji wako, mwanangu. Hukukosea kitu."

Walikaa pamoja mpaka chai ikapoa vikombeni.

Tulipoanza upasuaji wa kubadilisha nyonga, mwaka 2017, sote tulishangilia. Bi. Tusekile alishangilia pia, kisha akauliza maswali. Ili kuweka nyonga bandia, daktari huchimba mfereji ndani ya mfupa wa paja na kushindilia saruji ya mifupa, na mshindilio huo unaweza kuyasukuma mafuta yaleyale. Dk. Hosea, bingwa wetu wa mifupa, alimweleza kwamba hutokea kwa wachache.

"Mmoja wao namjua," alijibu.

Mwaka 2019 akaja Mzee Ambindwile, mkulima wa chai wa Lufingo, nyonga zote mbili zimelika. Aliomba zibadilishwe siku moja ili asipitwe na msimu wa kuchuma, na Dk. Hosea alikuwa tayari. Bi. Tusekile akakataa.

"Nyonga mbili siku moja ni mafuta mara mbili, daktari. Hapo mimi simo."

Hatukuwa tumewahi kumsikia akisema hivyo. Walibishana karibu saa nzima, mwishowe daktari akakubali nyonga moja.

Siku ya upasuaji mzee alichomwa ganzi ya mgongoni, akawa macho, akisimulia habari za miche yake. Saruji ilipoanza kuingia, akakatiza hadithi na kuuliza nani amewasha moto pale dirishani, palipokuwa na ukungu tu. Mashine zilikuwa bado zimetulia.

"Daktari, simama," akasema Bi. Tusekile. Mkono wake ulikuwa umeshafungua oksijeni yote.

Ndipo kengele zikalia. Presha ilianguka, pumzi zikawa fupi. Alimwingizia mpira wa kupumulia na kumpa dawa ya kupandisha presha, sauti yake ileile ya kubembeleza. Dk. Hosea alimalizia kazi haraka. Mzee alikaa siku tatu kwenye mashine, na kifuani vikamtokea vidoa vidogo vyekundu, alama ya mafuta yaliyopenya. Siku zote hizo Bi. Tusekile hakwenda nyumbani.

Siku ya nne, mpira ulipokwisha kutolewa, mzee alifumbua macho.

"Ugonile, tata?" Bi. Tusekile akamsalimu. Kwa Kinyakyusa, tata ni baba, na salamu hiyo humuuliza mtu kama amelala salama.

"Nimelala mno," mzee akanong'ona. "Nimetembea kwenye chai, nikatembea, mpaka nikaona inapoishia. Nikarudi."

Bi. Tusekile alitoka nje, akasimama kwenye ukungu, akalia. Dk. Hosea alimfuata, na mbele yetu sote akamwambia kwamba nyonga mbili zingemuua mgonjwa. Tangu siku ile, katika thieta yetu, mfereji wa mfupa husafishwa kwa maji vizuri kabla ya saruji, na kila mgonjwa hubadilishiwa nyonga moja kwa wakati mmoja. Mzee Ambindwile alirudi mwaka uliofuata kwa nyonga ya pili, akatoka salama. Siku hizi kilima cha Lufingo anakipanda kunishinda.

Bi. Tusekile, asante kwa ule ubishi wa saa nzima, na kwa kumfundisha Lugano, anayekalia kiti chako, kumsikiliza mgonjwa kabla ya kuitazama mashine. Tunakutakia siku ndefu zenye afya na amani. Jumanne asubuhi, ukungu ukishuka, usiamke mapema. Vuta blanketi, chagua mahali unapotaka kwenda. Sisi tuko macho.