Fundi Octave Kabemba na Mlango wa Salamabila Usioandikwa Mwaka

Baba padri, wazee wa mtaa, ndugu wa Kasongo na ninyi mliotoka Kabambare kwa pikipiki katika matope haya, mimi ni Emilienne, mwalimu mstaafu, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, wakaniomba nisome polepole na nisigombane na mtu, hilo la kwanza ninaliweza.

Octave Kabemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Lusangi, katika teritwari ya Kabambare, mtoto wa mwisho wa wazazi waliolima mpunga na mihogo, akasoma shule ya msingi palepale kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akaja hapa Kasongo kwa sekondari, lakini baba yetu alipofariki Mei 1983 akaacha masomo. Mimi mwenyewe nilimfundisha mwaka mmoja, na nasema bila aibu kwamba hesabu hakuiweza, kwa kuwa palipotakiwa majibu yeye alichora maua, na nilimchapa kwa ajili ya maua yale.

Tarehe 9 Januari 1984 alipokelewa na mzee Abdallah, Mungu amrehemu, fundi wa mji wa zamani ambaye ukoo wake ulichonga milango ya nyumba kubwa za Kasongo tangu siku za misafara, na kwake Octave alijifunza kuchagua mvule uliokauka vizuri, kushika patasi, na kuchonga mlango wa mbao mbili pamoja na fremu yake yote bila kuchora kwanza kwenye karatasi. Alijifunza pia sheria ya mzee, kwamba mlango haujaisha mpaka mwenye nyumba aseme «sasa», ndipo fundi achonge mwaka katikati ya kizingiti cha juu, na kabla ya hapo hapokei kazi ya mtu mwingine wala haondoi vifaa vyake katika nyumba ile, na akifa kabla, aliyejifunza kwake ndiye atakayemalizia. Octave aliapa mbele ya mzee, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akiichezea sheria hiyo.

Mwaka 1991 alifungua atelye yake, karakana ya milango, karibu na soko, na tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Yvette, ambaye mnamwona hapa, wakajaliwa watoto watatu, Aristote aliyezaliwa 1993 na kujifunza kazi kwa baba yake, Laetitia wa 1996, na Blaise wa 2001. Walikuwa na nyumba ya vicheko, mlango wao wenyewe ukiwa wa mabati yaliyotoboka, na Yvette alikuwa akimtania mumewe kwamba mganga hajigangi.

Tarehe 6 Juni 2015 aliitwa aende kufanya kazi Salamabila na mfanyabiashara wa dhahabu, bwana Iliasi, aliyetaka nyumba mpya ionekane ya kale, mlango mkubwa wa Kasongo mbele, milango minane ndani, na kuta za saloni, pale wanapoketi wageni, zivikwe mbao za kuchonga kutoka chini hadi juu, kazi ya miezi sita. Siku ya kwanza tu, wakiwa mezani, Octave akamweleza mwenyeji wake ile sheria ya mwaka, kwa fahari, maana fundi wetu akisifiwa hawezi kunyamaza, na hapo, ndugu zangu, alijifungia mwenyewe.

Mlango mkubwa ulikamilika Desemba, akaomba kuchonga mwaka, bwana Iliasi akamwambia kwa upole, «Fundi, mwaka ingoje kwanza,» akataka chumba cha kulia nacho kivikwe mbao, kisha vyumba vya kulala, kisha ngazi, kisha dari, hata kibanda cha kuficha jenereta kikachongwa maua. Hakufungwa, hakupigwa, alilishwa vizuri na kulipwa, geti lilikuwa wazi mchana kutwa, na pikipiki za kwenda Kabambare zilipita mbele yake akizitazama, ila mguu wake haukuvuka. Yvette alimfuata mara mbili, na mara zote mbili alirudi peke yake.

Tarehe 11 Februari 2019 alikuja kumzika mama yetu, akakaa siku tisa, na siku ya mwisho alinifuata jikoni, akaniita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, akaniambia, «Yaya, niko nachoka, unipe ruhusa niache ile mulango.» Mzee Abdallah alikuwa amekwisha kufa, baba na mama hawapo, mkubwa nilikuwa mimi, neno langu moja lingemtoa. Nilimjibu kwamba katika nyumba yetu mtu haachi kazi katikati, arudi amalize, asitutie aibu, naye akasema ndiyo yaya, akapanda pikipiki asubuhi yake. Ukubwa ni jalala, basi na hili litupeni kwangu, kwa kuwa ni langu.

Vumbi la mbao lilimwingia kifuani, kikohozi kikaanza 2023, akatibiwa Salamabila na kurudi kwenye kazi, mpaka patasi ikawa inamponyoka, ndipo Aristote akamfuata na kumleta hospitali hapa Kasongo tarehe 19 Mei 2025, akiwa amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwanawe juu ya pikipiki. Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, na siku zote kumi na nne hakukubali tufungue begi lake la nguo, akisema anarudi kumalizia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kulala chini pamoja nasi, na mafundi mbao mliomtengenezea jeneza bila kutuuliza chochote. Tunamshukuru pia mjumbe wa bwana Iliasi, aliyeketi pale nyuma, aliyetuletea magunia mawili ya mchele pamoja na ujumbe kwamba nyumba inamngojea mrithi, na tangu jana Aristote amekwisha kufunga vifaa vya baba yake vilivyobaki atelye, aende Salamabila.

Mjumbe, mchele tumeupokea, ujumbe urudi nao, ukamwambie bwana wako kwamba mlango ule utabaki bila mwaka, na kama ni aibu, aibu hiyo inaitwa Emilienne. Aristote, mwanangu, fungua mzigo huo mbele ya watu hawa, sasa hivi, nakuona. Baba yako aliniomba ruhusa nikamnyima, wewe hujaniomba, nami nakupa.

Octave, mdogo wangu, nisamehe, lala kwa amani, kazi yako imeisha.