Wasifu wa Mzee Nukta, Aliyepima Mwendo wa Vyama

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona nguo. Mama yake alikuwa akisema kwamba kitu cha kwanza alichokishika mtoto huyo ni utepe wa kupimia. Huenda alitia chumvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari, na mwaka 1974 akapata stashahada ya takwimu. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Hodari, ila habishani mpaka ahesabu kwanza."

Tarehe 3 Februari 1978 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa vyama vya siasa, na huko ndiko alikozeekea. Kazi yake ilikuwa kusoma ilani za uchaguzi. Alizikata sentensi kwa sentensi, yenye mambo mawili akaigawa, kila moja akaipa namba ya jambo lake: makazi, usafiri, shule, jeshi. Kisha alihesabu, na kila chama kikapata nukta yake kwenye karatasi ndefu ya ukutani. Ukija uchaguzi mwingine, nukta nyingine. Ukiitazama karatasi ile uliona nani amesogea kulia, nani amerudi kushoto, na nani anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nyumbani nako hakukusalimika. Kitinda mimba alipolia, "Baba, uliahidi baiskeli!" alijibiwa, "Nilisema nitafikiria. Hiyo ni sentensi nyingine, mwanangu."

Tarehe 22 Agosti 1981 alimwoa mpiga chapa wa taasisi hiyo hiyo, mama yetu. Mwaka 1989 mdogo wa kiume wa mama, shemeji yake marehemu, alikuja kukaa nasi. Marehemu alimfundisha kazi, akampigania mpaka akaajiriwa, akamfanya msomaji wake wa pili. Kanuni yao ilikuwa kwamba kila ilani isomwe na watu wawili, vyumba viwili, pasipo kuambiana neno mpaka wote wamalize. Wiki za ilani walikula meza moja kimya kama mabubu. Mama akauliza, "Jamani, mmekosana?" Marehemu akajibu, "Hatujakosana, hatujamaliza."

Uchaguzi wa mwaka 2015 ulipokaribia, majirani zetu wa nyuma ya reli mlikuja sebuleni kwake. Chama kikubwa kilikuwa kimeahidi miaka yote kwamba hamtaondolewa kwenye ardhi ile ya reli, nanyi mlitaka kujua kama bado kinasimama pale pale. Ilani ambayo kwa kawaida ingemla siku tisa aliimaliza kwa siku mbili. Hakukuwa na sentensi hata moja yenye mambo mawili ya kutenganisha. Na walipolinganisha, yeye na shemeji yake walikubaliana kuanzia mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka ishirini na sita. Alimkumbatia shemeji yake kwa furaha. Akaja kuwaambia, "Hawajahama hawa. Jengeni tu." Mkajenga.

Tarehe 12 Juni 2017 yalikuja matingatinga. Yaliyavunja makazi yenu, na nyumba yake ya jirani pia. Afisa aliyesimamia alikuwa na ilani mkononi, akawasomea: "Ardhi ya reli itarudishwa kwa shirika la reli." Sentensi hiyo marehemu aliiweka kwenye usafiri, kwa mkono wake mwenyewe, maana kanuni ilimtaka hivyo. Kwenye makazi zilikuwapo sentensi arobaini na moja za kusifu nyumba bora, na hizo ndizo zilizoiweka nukta pale pale.

Siku hiyo hiyo alimfuata shemeji yake ofisini. Binti yake mkubwa, anayewasomea haya, alikuwa mlangoni.

"Ilani ile uliiandika wewe?"

"Niliombwa niwanyooshee lugha tu, shem."

"Lugha gani! Ilani nzima imekatwa tayari, kila sentensi ina jambo moja. Nani mwingine anajua tunavyokata?"

"Kipimo ni chako, shemeji. Mimi nilikifuata tu."

Marehemu aliomba jina lake liondolewe kwenye ripoti ya taasisi kuhusu ilani ile. Aliambiwa imeshachapishwa. Aliacha kazi mwezi uliofuata. Wengi wenu mliacha kumsalimu, mkasema aliwauza, na hakujitetea. Alituambia, "Nikisema, mama yenu atabaki na ndugu gani?" Maneno hayo yalituuma, na yanatuuma hadi sasa.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa mara tatu, na mara zote aliwauliza wauguzi kama kuna mtu wa nyuma ya reli aliyekuja kumwona. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Juzi shemeji yake alikuja kuomba tuandike kwamba walipatana. Hawakupatana. Hakuwahi hata kuombwa radhi. Tulimpelekea mama wasifu huu tukamwuliza tufute nini. Alivaa miwani, akausoma taratibu, akaturudishia. "Msifute kitu," alisema. "Watu walivunjiwa nyumba wakimlaani mume wangu. Waambieni hakuwadanganya. Alidanganywa, na aliyemdanganya nilimpakulia chakula mimi."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji mmoja aliyekaa safu ya pili hapa. Nyinyi wa nyuma ya reli mliokuja kumzika bila kuyajua haya, Mungu awalipe.

Baba, pumzika kwa amani. Majirani zako wamekuja.