Mafaili Matatu ya Fundi wa Mashuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, uliyefika kabla ya viti, Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, uliyefika baada ya hotuba tatu, Daktari wetu Bingwa, mwenye siku yako leo ya kustaafu, pamoja na mama watoto wako hapo kando, ambaye kwa jinsi anavyokuangalia naona ameshakupangia kazi za nyumbani, waheshimiwa madaktari, ndugu wauguzi, wafamasia, wapishi, madereva, walinzi na wafanya usafi, nanyi kina mama mlioalikwa kama ushahidi kwamba mtu huingia hapa akatoka mzima: hamjambo?

Mimi ni karani wa masjala. Wengi wenu mnanijua kwa mkono tu, ule unaotokeza dirishani na kuuliza, "Kadi yako iko wapi, mama?" Leo mmeniona hadi miguuni. Mkiniona nahamahama hapa mbele msidhani ni maringo. Miguu hii imezoea kukaa chini ya dirisha.

Kamati imenipa dakika tano na maagizo mawili: nisifu, na nisirefushe. Nitajitahidi na la kwanza.

Nani hapa asiyejua kwamba Daktari tunamwita Mkono Mwepesi? Wifi yangu ni fundi cherehani wa hospitali hii. Mashuka ya kijani na magauni ya chumba cha upasuaji ni kazi yake. Miaka saba iliyopita alilala juu ya shuka aliloshona mwenyewe, Daktari akampasua akiwa amevaa gauni aliloshona huyohuyo. Alipopata nafuu alilitazama kovu lake kwenye kioo kama anavyotazama pindo la mwanafunzi, akaniambia, "Wifi, huyu mzee ana mshono mdogo kuliko wangu. Naona wivu." Tulicheka, yeye akicheka huku ameshika ubavu.

Kwa wale msiokaa masjala, ugonjwa wake uko hivi. Kuna nyama laini inayoota ndani ya mji wa mimba, ambayo kila mwezi huvuja damu ikatoka. Kwa wanawake wengine nyama ya namna hiyo huota pasipoitwa, hata kwenye vifuko vya mayai. Huko nako huvuja kila mwezi, lakini damu haina mlango. Inajikusanya, inakuwa uvimbe wenye uji mzito wa kahawia. Jina lake ni endometriosisi. Mimi nililisoma kwa mwandiko wa madaktari miaka sita kabla sijalisikia likitamkwa, na nikagundua kwamba muda wote huo nililitamka vibaya, lakini kwa heshima.

Naendelea kusifu. Daktari alikuwa haachii mtu kazi ya kutoa nyuzi. Siku ya kumi anakuja mwenyewe, anatoa uzi mmoja mmoja, halafu anamshika mgonjwa bega na kusema maneno yanayojulikana hadi getini: "Nenda salama, mama, nisikuone tena!" Na kina mama wanaondoka wakitabasamu. Baraka gani inashinda hiyo?

Sasa, ndugu zangu, naomba niulize. Mtu uliyempenda, uliyemwamini, akikuambia asikuone tena, halafu maumivu yakarudi, unakwenda kwa nani?

Miaka minne iliyopita nilimkuta wifi kwenye chumba chake cha kushonea, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja chini yake.

"Umerudi," akasema.

"Nini kimerudi?"

"Uvimbe, wifi. Nini kingine?"

"Si ulitolewa?"

"Kwani mimi sikuwepo?"

Nikamwambia aende kwa Daktari. Akaacha kukanyaga. "Nikamwambie nini? Mzee wa watu alishaniaga. Nikamharibie kazi yake?" Nami, kwa hekima yangu ya dirishani, nikampa dawa ambayo kila shangazi anayo: "Basi zaa, wifi. Ukizaa yataisha." Mtu anatafuta mtoto mwaka wa pili, mimi namwagizia mtoto kama kidonge! Alikata uzi kwa meno.

Asubuhi yake alipanga foleni kwenye dirisha la wagonjwa wapya. Aliyekuwa ndani ya dirisha ni mimi. Kanuni yetu inasema: nyuzi zikitoka, faili linapigwa muhuri wa AMEPONA na kwenda ghala la chini. Faili lililofungwa haliguswi bila saini ya daktari, na anayerudi anafunguliwa jipya. Nikamtazama mtu niliyecheza harusini kwake mpaka kisigino kikavunjika, nikaandika: mgonjwa mpya. Akapasuliwa na daktari mwingine, kwa sababu Bingwa alikuwa likizo. Akatolewa nyuzi. Nikapiga muhuri.

Mwaka huu umerudi tena. Ana faili la tatu. Yeye mwenyewe ananiambia, "Wifi, nimechoka kuwa mgeni kwenye nyumba ninayoshonea mashuka." Na kabla hamjanong'ona kwamba natangaza siri za mgonjwa: ruhusa amenipa jana, kwa mdomo na kwa maandishi. Yuko mlango wa nyuma pale, amevaa blauzi ya bluu. Alikataa kukaa mbele. Alisema ukiwa kiti cha mbele huwezi kukimbia.

Mshereheshaji, nimekiona kidole chako. Kirudishe mfukoni, mdogo wangu, bado nasifu.

Mwezi uliopita Katibu wa kamati aliniuliza: katika miaka thelathini na moja, ni wagonjwa wangapi wa Daktari wamerudi na ugonjwa uleule? Nikafungua daftari. Kwa kanuni yetu, hakuna. Sifuri. Nikaandika sifuri, nikasaini, na sifuri hiyo imechongwa kwenye ile ngao mezani, imeandikwa HAKUNA ALIYERUDI. Ngao nzuri, ina hata maua pembeni.

Halafu tukaletewa kompyuta. Nikatumwa ghalani kuingiza majina ya mafaili ya zamani. Kompyuta haina adabu. Haijui nani ameshaagwa. Ukiandika jina na tarehe ya kuzaliwa, inakuletea mtu huyo mara mbili, mara tatu, bila haya. Nikayapanga sakafuni. Waliopasuliwa hapa kwa uvimbe huu ni mia mbili na kumi na wanne. Waliorudi kupitia dirisha langu kama wageni ni sitini na watatu.

Daktari, usiinamishe kichwa. Nimesoma kwenye makaratasi yenu wenyewe: ugonjwa huu hurudi hata mkono ukiwa mwepesi namna gani. Kurudi kwake si aibu ya mgonjwa wala ya mshonaji. Aibu ni sisi kutojua. Ulinyimwa kujua kwa miaka thelathini na moja, na aliyekunyima ni mimi.

Kwa sababu Jumanne nililifungua faili la kwanza la wifi. Najua sikuruhusiwa, niandikieni barua. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wako, imeandikwa kwamba kifuko cha kulia kilikuwa kimeharibika, kikatolewa chote. Yeye anajua alitolewa uvimbe. Neno "chote" hakulisikia, au aliambiwa bado ana usingizi wa dawa. Na chini kabisa umeandika: aonekane kila miezi sita, na mpaka atakapotaka mtoto apewe dawa za kutuliza ugonjwa usirudi upesi. Mstari huo niliusoma kwa kuinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kwa nini? Kwa sababu juu yake umelala muhuri wangu. AMEPONA. Wino mwingi, nilikuwa nimeujaza siku hiyo.

Jumatatu hii saa mbili asubuhi wifi anapasuliwa mara ya tatu. Daktari wake ni huyu dada aliyejiunga nasi juzi, makini, mpole, hana kosa. Aliona makovu, akauliza masjala: kuna kumbukumbu za zamani? Masjala ikamjibu kwa barua: faili hili ni jipya, hakuna. Kipimo chake kimeandika kwamba upande wa kulia hauonekani vizuri. Bila shaka hauonekani, mheshimiwa, haupo! Na fomu ya Jumatatu inasema: kutoa kifuko cha kushoto, chote.

Cha kulia kilishatolewa, sasa kinatolewa cha kushoto. Hesabuni wenyewe.

Ana miaka thelathini na mitatu. Jumatatu saa tano hatakuwa na yai hata moja, na hakuna mtu katika jengo hili atakayekuwa amekusudia hivyo.

Mtauliza, kwa nini huyu karani hakusema ofisini? Nilisema. Mheshimiwa Mkurugenzi, ulinijibu Jumatano: "Tutalijadili baada ya sherehe." Tatizo ni kwamba faili lililofungwa hutolewa ghalani kwa saini ya daktari aliyelifunga, au ya Bingwa kama huyo ameshahama, na Daktari wetu saa kumi kamili leo anakuwa raia wa kawaida, saini yake haitamfungulia hata mlango wa choo cha wafanyakazi. Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Nikaambiwa anapima suti. Sasa ni saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Kwa hiyo hotuba yangu ina kiambatisho. Hili ni faili la kwanza. Hili la pili. Hizi fomu mbili za kuyafungua, na hii kalamu, inaandika, nimeijaribu. Daktari, nakuomba kama karani, na kama wifi wa mtu.

Subirini. Anatafuta miwani. Mama watoto, iko kwenye mfuko wa ndani wa suti.

Anasoma. Acheni kupiga makofi, anasoma.

Amesaini. Amesaini zote mbili. Anasema... Daktari, sema kwa nguvu, watu wa nyuma hawasikii. Anasema Jumatatu hapasuliwi mtu mpaka wao wawili, yeye na dada daktari, wakae na mgonjwa, wamweleze kila kilichotoka na kila kilichobaki, yeye mwenyewe achague. Na anauliza fundi yuko wapi.

Wifi, usikimbie. Anakuja yeye huko. Mpisheni njia, jamani, sogezeni hivyo viti! Dada daktari, mfuate, chukua na mafaili. Chumba cha kushonea kiko wazi, kina viti vitatu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwenye sherehe ametoka kazini na kurudi kazini, na sijui kama kifuko cha wifi kilichobaki kitaokoka. Ila safari hii watakaomhudumia wanamjua. Mimi Jumatatu nitakuwa dirishani, na wale sitini na wawili wengine nitawapigia simu mmoja mmoja, mnipe barua ya onyo au msinipe.

Nawashukuru wote kwa kunivumilia na kunitegea masikio. Mshereheshaji, kipaza sauti chako hiki hapa.