Alhamisi za Bi Shamsia

Alhamisi tarehe 27 Novemba 2025, Bi Shamsia Twalib atakunja mkeka wake na kustaafu, baada ya kujitolea miaka kumi na saba katika Kituo cha Tulizo, hapa mtaani Mbotela, kinachowahudumia watu walioumizwa na vita na vurugu.

Alikuja mwaka wa 2008, vyumba vyetu vikiwa vimejaa watu waliofukuzwa makwao na vurugu. Alikuwa akiuza viatu vya akala, vile vya matairi, katika soko la Kariokor, na kazi ya kukanda mwili alifunzwa na shangazi yake huko Pumwani. Aliniuliza mimi, karani wa mapokezi, kama tunahitaji mkandaji. Nikamjibu tunahitaji blanketi. Akaleta blanketi mbili, akabaki, akija kila Alhamisi.

Hata sisi wafanyakazi hakutusaza. Ukipita umekunja mabega, unaitwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Aqil, alikandwa shingo dakika tano tu kabla ya kupokea wageni wakubwa, akalala fofofo kitini. Wageni walikunywa chai mpaka birika likakauka.

Lakini mwaka ninaoukumbuka zaidi ni 2012, alipotaka kutuacha. Kwa kina Bi Shamsia, mgeni wa heshima hufukiziwa udi. Basi Batulo, mama aliyekimbia vita baada ya nyumba yake kuchomwa moto, alipokuja mara ya kwanza, alitengenezewa chumba kama cha bibi harusi: shuka jeupe, mafuta ya ufuta, chetezo kikifuka pembeni. Batulo alinusa ule moshi, akapiga mayowe, akatoka mbio bila viatu hadi Barabara ya Jogoo.

Bi Shamsia alilia sana siku hiyo. Alisema amekuja kutuliza watu na sasa amemuumiza mmoja, kwa hivyo harudi tena. Tulimsihi wee, hakusikia. Ila viatu vya Batulo vilikuwa bado mlangoni, na ilibidi mtu avipeleke.

Alivipeleka mwenyewe hadi Kayole, Batulo alikouza leso. Hakutaja habari za kukanda. Aliomba msamaha, akaketi, akamsaidia kukunja leso. Alifanya hivyo Alhamisi saba, nami huku mapokezi nikihofia kwamba tumewapoteza wote wawili. Alhamisi ya nane, Batulo alimnyooshea kiganja kimoja. Kiganja tu.

Bi Shamsia akarudi kituoni. Tangu hapo chetezo kilibaki nyumbani, na hakumgusa mtu bila kuuliza kwanza kama anaruhusiwa. Akifika begani, anauliza. Akifika mgongoni, anauliza tena. Watu walioumizwa na wenzao hawajazoea kuulizwa, na wapo waliobubujikwa na machozi kabla hata mafuta hayajawagusa.

Sasa baridi yabisi imemshika vidole na daktari amemkataza kazi. Nasikitika, wala sifichi. Alhamisi zitakuwa ndefu hapa mapokezi.

Batulo ameniomba nimwandikie Bi Shamsia jambo moja. Mwezi wa Agosti bintiye, Leyla, alijifungua. Batulo, ambaye zamani hakuweza kukumbatiwa hata na mwanawe, alimkanda siku arobaini kwa mikono yake mwenyewe, na kila mahali alimuuliza kabla ya kugusa.

Asante, Bi Shamsia. Mungu akujalie afya, usingizi mtamu na wajukuu wa kukuchosha. Leyla alijifungua msichana, na jina lake ni Shamsia.

Nthambi, Mapokezi